Je, Mtoto wa Nyoka ni Nyoka?

Katika mithali zetu iko moja inayotumika sana vijijini, nayo yasema ya kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Husemwa mwizi akikamatwa na ikajulikana kwamba baba yake naye alikuwa mwizi. Husemwa binti akipata mimba kabla ya ndoa, na mama yake alipata kufanya vivyo hivyo. Husemwa shuleni, mwalimu akimtazama mtoto wa mlevi aliyekuja bila kalamu. Husemwa hata nje ya mlango wa kanisa baada ya ibada, kwa sauti ya chini. Wasemao si watu wabaya. Hudhani wanasema jambo lililo wazi kwa kila mwenye macho. Lakini neno hili ni hukumu, na anayehukumiwa ni mtoto, ambaye hakuchagua nyumba ya kuzaliwa. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: Je, mithali hii ni kweli? Na ikiwa ina kweli kidogo ndani yake, kweli hiyo yatupa haki gani juu ya mtoto?

Tusiikatae kwa haraka, maana wazee hawakuitunga bure. Nyumba mbaya humdhuru mtoto, na jambo hili halina shaka. Kwa miaka mingi sasa madaktari wa akili za watoto, pamoja na wataalamu wanaochunguza ukuaji wa mwanadamu, wamefuata maisha ya maelfu ya watoto tangu utotoni hata utu uzima, wakiandika yaliyowapata na jinsi walivyotokea. Wameona ya kuwa mtoto aliyezaliwa katika ufukara mkubwa, au aliyelelewa na mzazi mlevi, au na mzazi mwenye ugonjwa wa akili, au katika nyumba ya ugomvi wa kila siku, yumo katika hatari kuliko mwenzake. Huenda akashindwa na masomo, huenda akaingiwa na huzuni isiyo na kiasi, huenda akatumbukia katika uhalifu. Neno lao kubwa ni hilo, hatari. Nasi twasema ya kuwa hatari ni kitu kimoja na hukumu ni kitu kingine, na dhuluma nyingi wanazotendewa watoto hutoka katika kuyachanganya mawili hayo.

Tutazame mfano mmoja. Katika Bahari ya Pasifiki viko visiwa vya Hawaii, ambavyo ni sehemu ya Marekani, na kimojawapo huitwa Kauai. Zamani hizo watu wengi wa kisiwa hicho waliishi kwa kazi ya mashamba ya miwa na ya mananasi, na wengi wao walikuwa wana na wajukuu wa watu waliotoka Japani, Ufilipino na nchi nyingine za Asia kutafuta kazi. Watoto 698 waliozaliwa huko mwaka 1955 waliandikwa katika uchunguzi mmoja. Bibi Emmy Werner, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California, na mwenzake Bibi Ruth Smith, waliwafuata watoto hao kwa miaka arobaini. Habari zao zilichukuliwa walipokuwa na umri wa mwaka 1, miaka 2, miaka 10, miaka 18, miaka 32, na miaka 40. Ubora wa kazi hii ni kwamba mambo yaliandikwa kabla ya mwisho wake kujulikana. Mtu akumbukaye utoto wa mwizi baada ya wizi huona dalili kila mahali, lakini aliyeandika habari za mtoto mchanga hakuweza kujidanganya hivyo.

Karibu theluthi ya watoto hao walianza maisha katika hatari kubwa. Kabla ya kutimiza miaka 2 walikuwa wamekwisha kutwikwa mizigo minne au zaidi: kuzaliwa kwa shida, ufukara, wazazi wasio na elimu, ugomvi au talaka nyumbani, ulevi, ugonjwa wa akili wa mzazi. Katika watoto wa namna hiyo theluthi mbili walipatwa na taabu kweli. Wengine walishindwa na masomo au walikuwa na mwenendo mgumu kabla ya kufika miaka 10. Wengine, kabla ya kufika miaka 18, walifikishwa mahakamani, au waliugua akili, au walipata mimba. Hapa mwenye mithali atasema, Si niliwaambia?

Lakini asubiri kidogo. Theluthi iliyobaki, yaani watu 72, walikua wakawa watu timamu, wenye kujiamini, wenye kufanya kazi na kuwatunza wenzao. Walipofikia miaka 40 hakuonekana miongoni mwao hata mmoja asiye na kazi, wala aliyepata kuwa na kesi ya jinai. Tena, katika wale theluthi mbili waliopotea wakiwa vijana, wengi walirudi walipokuwa watu wazima. Wengine waliokolewa na masomo waliyoyaanza upya, wengine na kazi ya jeshi, wengine na ndoa njema, wengine na imani waliyoipata na ushirika wa waumini waliowapokea. Basi, nyoka wamezaa watoto wengi ambao si nyoka, na wengine waliotambaa kwa muda wamesimama wakatembea.

Ni nini kilichowasaidia hao 72? Jambo moja walizaliwa nalo: wengi wao walikuwa watoto wachangamfu, wepesi wa kupendwa tangu uchanga. Lakini mengine yalitoka nje yao, na ndiyo yanayotuhusu. Kila aliyefaulu alikuwa amepata mtu mmoja, angalau mmoja, wa kumpenda bila kuchoka na kumtazama kwa makini tangu utotoni. Mara nyingi mtu huyo hakuwa baba wala mama. Alikuwa bibi au babu, shangazi, dada mkubwa, jirani. Baadaye wengi waliongezewa mwalimu aliyewapenda, au mzee wa kanisa, au kikundi cha vijana. Tena wengi walikuwa na kazi ya nyumbani waliyotegemewa kuifanya, kama kumtunza mdogo wao, wakajiona ya kuwa wanafaa. Mambo haya hayahitaji dawa wala fedha nyingi. Kijiji chochote chaweza kuyatoa.

Sasa tueleze kwa nini hatari haiwezi kuwa hukumu. Mkulima anayepanda mahindi katika shamba la kichanga ajua ya kuwa mbegu nyingi hazitaota vema. Ujuzi huo ni wa kweli, naye hupanga kazi yake kwa kuufuata. Lakini uokote punje moja, uiweke katika kiganja chake, umwulize, Hii je, itaota? Hana jibu. Alijualo ni la shamba zima, wala si la punje ile. Na mkulima mwema, kwa kuwa hajui ni ipi itakayoota, hutia samadi shamba lote. Ndivyo ulivyo ujuzi wa wataalamu. Ukiwaambia, Huyu ni mtoto wa mlevi, watasema ya kuwa katika watoto wengi wa walevi wengi hupata taabu. Hawatasema ya kuwa mtoto huyu, mwenye jina hili, atakuwa mlevi. Anayesema hivyo amesema lililozidi elimu, naye amejifanya nabii.

Unabii wa namna hii huleta wenyewe jambo lililotabiriwa. Mwalimu aliyekwisha kuamini ya kuwa mtoto fulani hana mwisho mwema atamketisha nyuma, hatamwuliza swali, na daftari lake atalipitia kwa haraka. Kitu kikiibiwa darasani atamtazama yeye kwanza. Wazazi wa watoto wengine watawakataza watoto wao kucheza naye. Baada ya miaka michache mtoto amebaki na wale tu waliokataliwa kama yeye, nao humfundisha walijualo. Ndipo watu husema, Mithali haikosi! Lakini aliyeitimiza ni nani? Mtoto alikuja na mzigo mmoja kutoka nyumbani kwao, nasi watu wazima tukamwongezea wa pili na wa tatu.

Na habari hii ya mizigo ina kipimo chake. Katika miaka ya 1964 na 1965 Daktari Michael Rutter wa London na wenzake waliwachunguza watoto wa Isle of Wight, kisiwa kilichoko kusini mwa Uingereza, na baadaye watoto wa mtaa mmoja wa London. Walitaka kujua ni mizigo gani ya nyumbani inayoleta ugonjwa wa akili kwa mtoto. Waliona jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Mtoto mwenye mzigo mmoja tu hakuwa na hatari kuliko mtoto asiye na mzigo wowote. Lakini mizigo miwili ilipokutana juu ya mtoto mmoja, hatari ilizidi mara nne. Na mingine ilipoongezwa ilizidi tena. Mwanadamu mdogo ana nguvu za kuchukua kitu kizito, lakini si vitu vizito vyote kwa pamoja. Mafundisho yake kwetu ni wazi. Labda hatuwezi kumwondolea mtoto ulevi wa baba yake. Lakini twaweza kumwondolea njaa ya mchana, au aibu ya kuchekwa, au upweke, na kila kimoja tukiondoacha huenda ndicho kilichokuwa kinamvunja mgongo.

Liko kosa la pili, nalo ni kinyume cha lile la kwanza. Mtu akisikia habari za wale 72 aweza kusema, Basi, mwenye moyo hushinda. Na aliyeanguka ameanguka kwa uvivu wake mwenyewe. Maneno haya yafanana na sifa kwa washindi, lakini kweli yake ni fimbo kwa walioshindwa. Tumekwisha kuona ya kuwa wale walioshinda hawakushinda peke yao. Kila mmoja alikuwa na mtu. Kumlaumu mtoto aliyekosa mtu kwa kuwa hakufika alikofika mwenye mtu, ni sawasawa na kumlaumu asiye na mtumbwi kwa kuwa hakuvuka mto.

Tena twajua yanayompata mtoto akikosa mtu kabisa, kwa kuwa jambo hilo lilitokea katika nchi ya Romania. Mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji wa mimba na kuzuia njia za kupanga uzazi, ili taifa liongezeke. Familia nyingi fukara zilishindwa kulea, watoto wakaachwa katika makao ya serikali. Serikali hiyo ilipoanguka Desemba 1989, ulimwengu ukaona ya kuwa watoto zaidi ya 100,000 walikuwa wakiishi katika makao hayo. Walezi walikuwa wachache na wa zamu. Mtoto mchanga alilala kitandani saa nyingi akitazama dari, na alipolia hakuja mtu, hata akajifunza kutolia. Wengi wao hawakuwa watoto wa nyoka yeyote; walikuwa watoto wa maskini. Hata hivyo wengi walidumaa mwili, wakachelewa kusema, wakawa hawajui kushikamana na mtu.

Mwaka 2000 wataalamu watatu kutoka Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza uchunguzi katika mji wa Bucharest. Walichagua watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi katika makao, wakapiga kura. Watoto 68 walipewa wazazi wa kuwalea majumbani, na 68 wakaachwa katika utunzaji wa siku zote. Baada ya miaka michache tofauti ilionekana. Waliopata wazazi waliwapita wenzao katika vipimo vya akili na katika kushikamana na watu, na waliotolewa kabla ya kutimiza miaka 2 walipata faida kubwa zaidi. Hapa mithali nyingine, ile ya kumkunja samaki angali mbichi, yapata ushahidi mzuri kuliko ile ya nyoka.

Mwenye dhamiri atauliza kama ni halali kupiga kura juu ya watoto, huyu apate mama, na huyu asipate. Swali hilo ni zito, nao wataalamu hawakulipuuza. Katika mji ule wakati ule wazazi wa kulea karibu hawakuwako, na wale 68 walipata nyumba kwa sababu ya uchunguzi wenyewe. Tena iliwekwa kanuni ya kuwa mtoto yeyote aliyeachwa katika makao, akipatikana mtu wa kumchukua, asizuiliwe kwa ajili ya uchunguzi. Hata hivyo twaona ya kuwa elimu hii ina bei, na bei yake ililipwa na watoto ambao hawakuulizwa. Kwa hiyo ni deni juu ya kila aliyeisikia. Romania yenyewe ilianza kulilipa, maana sheria yake ya mwaka 2004 ilikataza watoto walio chini ya miaka 2 kuwekwa katika makao, ila wenye ulemavu mkubwa. Nasi tuliopata kuyajua haya bila gharama, tukiendelea kusema ya nyoka, tumeichukua elimu yao bure tukaitupa.

Na wale waliochelewa kupata wazazi, je, mlango umefungwa? Daktari Rutter aliwafuata watoto wa Romania waliochukuliwa na familia za Uingereza. Waliotoka katika makao kabla ya miezi sita walikua karibu sawa na watoto wengine. Waliokaa zaidi ya hapo, wengi wao walibaki na matata hata utu uzima, ijapokuwa walipata wazazi wema. Haifai tufiche neno hili gumu: upendo uliochelewa haurudishi kila kilichopotea. Lakini hata katika hao yapata mmoja katika watano alikua bila matata yaliyoonekana, wala hakuna aliyeweza kusema mapema atakuwa nani. Kwa hiyo hatari yatuambia tuwahi. Haituambii kamwe tukate tamaa.

Sisi Wakristo hatukuhitaji kungoja elimu ya siku hizi kujifunza sehemu ya jambo hili. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliwakataza watu wa Israeli kutumia mithali yao iliyowatwika watoto makosa ya baba zao. Na wanafunzi walipomwona kipofu na kumwuliza Bwana Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana aliwakatalia yote mawili, kisha akamponya yule mtu. Tutazame utaratibu wake: wanafunzi walitaka chanzo cha aibu, Bwana akaona kazi ya kufanya.

Kazi yetu ni ipi? Wazee wetu walisema ya kuwa mkono mmoja haulei mwana, na mithali hii yatufaa kuliko ile ya nyoka. Mwalimu amketishe mtoto wa mlevi mbele, amwite kwa jina lake, ampe kazi ya kufanya kama kugawa madaftari, kisha amshukuru. Shangazi na mjomba wasingoje kuitwa. Mama jirani apikapo akumbuke sahani moja. Mzee wa kanisa asikiapo mithali ya nyoka barazani pake aikatize kwa upole, maana watoto husikia zaidi ya tunavyodhani. Wala tusiwe wajinga wa hatari: tukijua nyumba fulani ina mizigo mingi, tuiangalie zaidi, na mtoto mwenye huzuni ya muda mrefu au mwenendo uliobadilika ghafula apelekwe hospitali kama apelekwavyo mwenye homa.

Kwa kijana aliyekwisha kuanguka, neno letu liwe mlango. Katika Kauai wengi wa wasichana waliozaa mapema walikuwa wametengeneza maisha yao walipofikia miaka 32, na waliorudi kusoma walifaidiwa sana. Katika Tanzania serikali iliruhusu mnamo Novemba 2021 wasichana waliojifungua warudi shuleni. Sheria imefungua, lakini msichana hupita kwanza mbele ya macho ya kijiji kabla ya kufika darasani, na macho hayo ni yetu.

Ndugu wasomaji, katika kila ushirika yuko mtoto ambaye watu wamekwisha kumtabiria. Jina lake mwalijua. Mtu mmoja tu alitosha kuwaanzisha wengi wa wale 72, na mtu huyo hakuwa daktari wala tajiri. Anayejua jina la mtoto huyo na asimtafute, asiseme baadaye ya kuwa alizaliwa hivyo.